Shoga, usiwashe kwanza

Shoga yangu kipenzi,

Salama huko Matombo? Huku Kimara tupo, joto limeanza na vumbi kama unavyoujua mwezi wa tisa. Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, nikairudia, na kwanza kabisa hongera sana kwa shamba. Yani wajomba wamekaa wakasema na huyu ni mtoto wetu apewe pake, huo ndo uzuri wa Waluguru, ardhi inapita kwa mama, sisi kwetu Mufindi mtoto wa kike kupewa kipande cha baba yake mwenyewe vikao haviishi. Nimefurahi kama nimepewa mimi.

Ila pale mwisho uliposema vijana wamefyeka wamemaliza na jumamosi wanapiga kiberiti ili vuli ikukute shamba jeupe, hapo nikaona nikuandikie kabisa badala ya kukurushia voisi, ili uweze kurudia kusoma na hata mjomba umsomee ukitaka. Shoga naomba usiwashe kwanza.

Najua watakwambia mbona sisi miaka yote tunachoma na tunakula. Na mi siwalaumu hata kidogo, mtu ana jembe moja na panga, hana hela ya vibarua, mbele yake kuna vichaka vimemfika kifuani na mvua inakaribia, kiberiti ni shilingi ngapi, jioni moja shamba limesafishika, nyoka wamekimbia, na mwaka wa kwanza mahindi yanatoka ya kijani mpaka unajisikia umefanya la maana. Hiyo ni kwa sababu ya majivu, majivu yana chakula cha mmea kweli. Tatizo ni kwamba ile naitrojeni, ile inayofanya jani liwe kijani na linenepe, sehemu kubwa inaondoka na moshi, kwaiyo mtu anaichoma bure shambani kwake alafu msimu unaofuata anaenda dukani kuinunua tena kwenye mfuko wa mbolea ya yurea. Na zile takataka za juu zilizokuwa zinaoza taratibu na kuilainisha ardhi zinakuwa zimeisha. Huko kwenu ni mlimani, mvua za upande wenu wa Uluguru sio za mchezo, kuna sehemu zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, sasa hiyo mvua ikidondokea udongo uliobaki uchi haina kinachoipunguza kasi, inachukua ule udongo mweusi wa juu inaupeleka mtoni, na miaka michache mbele unabaki na mawe na ule udongo mwekundu ambao hata muhogo unauona mgumu. Alafu mtu anasema shamba limechoka, anahamia juu zaidi, anachoma tena. Ndo hivyo msitu unapandishwa mlima kila mwaka.

Sasa hiyo ni kama moto umebaki kwako. Mara nyingi haubaki.

Unakumbuka nilikwambia kuhusu shamba la miti la baba, sidhani kama nilikusimulia vizuri lilivyoisha. Jirani alikuwa anaandaa kijishamba cha ulezi, kidogo tu, akawasha mchana jua la utosi na upepo wenyewe ule wa Mufindi wa kiangazi, akasema atausimamia na mwanae. Watu wawili na matawi. Moto ukashika nyasi, ukaruka kibarabara, ukaingia kwenye mipaini. Paini lina utomvu shoga, likishika halichezi, moto unapanda mpaka kwenye kilele unaanza kwenda juu kwa juu, hapo hata ukileta kijiji kizima mnachoweza ni kukimbia mbele yake mkafyeke njia pengine mtauzuia. Na paini likiungua ndo basi, halichipui kama mkaratusi, unasubiri ling'olewe uanze na mche upya. Yale miti ndo ilikuwa ada ya wadogo zangu. Baba hakumshtaki yule mzee, wamezikana tangu zamani, lakini urafiki wao haukurudi kuwa ule na mama mpaka leo mwezi wa tisa ukifika akiona moshi wowote upande wa bondeni anatoka nje anasimama anauangalia. Watu wa huko wanauita moto kichaa na mi sioni jina lingine linaloufaa.

Na huko Matombo una kitu ambacho sisi hatukuwa nacho kiasi hicho, mteremko mkali. Moto unapenda kupanda. Ukiuwasha chini, ndimi zake zinalala kuelekea juu zinakausha na kupasha majani ambayo bado hata hayajafikiwa, kwaiyo yakifikiwa yanadaka papo hapo, na kadri mlima unavyokuwa mkali ndo unavyokimbia, mtu hawezi kushindana nao kwa miguu. Na juu yako kuna nini? Kuna mikarafuu ya watu, ambayo mtu kasubiri miaka mitano mpaka saba ndo aone ua la kwanza, kuna iliki, pilipili manga, migomba, na juu kabisa hifadhi. Ukiunguza mkarafuu wa mtu utamlipa nini? Miaka yake utaitoa wapi?

Alafu hapo karibu yenu kuna msitu wa Kimboza, huwa unaupita ukija mjini. Kuna kamjusi humo kadogo, dume lake la bluu inayong'aa, wanaishi kwenye ile miti yenye majani marefu kama ya mnanasi, na duniani kote hawapatikani zaidi ya hapo Kimboza na vipande vichache vya msitu vya jirani. Msitu wenyewe mdogo na umezungukwa na mashamba. Moto ukiingia humo kutoka shamba la mtu, kile kiumbe hakina pa kuhamia. Mi hili linaniuma kweli, sijui kwanini, labda kwa sababu hata watu wa hapo hapo wengi hawajui kwamba wana kitu ambacho dunia nzima haina.

Utaniuliza na wewe wa Kimara inakuhusu nini. Inanihusu kwenye bomba shoga! Mto Ruvu unaanzia huko kwenu, mito yenu Mgeta, Mvuha, Ngerengere yote inaingia humo, na Dar hii ambayo sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 5.3, sehemu kubwa ya maji yake yanavutwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Ule msitu wa juu unadaka mpaka ukungu, majani na mizizi vinashika maji ya masika alafu vinayaachia kidogo kidogo mpaka kiangazi, ndo maana mto unakuwa na maji hata mwezi wa kumi ambapo hakuna mvua. Ukishaungua mara kwa mara maji yanashuka yote kwa mkupuo na tope lake, tunapata mafuriko mwezi wa nne na ndoo tupu mwezi wa kumi. Ule mgao wa mwishoni mwa 2022 unaukumbuka, tulivyokuwa tunaamka usiku kusikilizia bomba? Ule ulikuwa ukame, mvua zilikataa, siwezi kuwasingizia watu wa milimani. Lakini mvua ikikataa na mlima nao ushachomwa, mto unakuwa hauna akiba.

Kilimanjaro nayo imetuonyesha. Mwezi wa kumi 2020 moto ulizuka kule juu ukawaka zaidi ya wiki, zikaungua kama kilomita za mraba 95, watu wa hifadhi, wanafunzi, wanavijiji, wote walipanda na mapanga na matawi maana gari la zimamoto halipandi kule. Miaka miwili baadae mwezi wa kumi huo huo ukazuka tena upande wa Karanga. Na wataalamu waliousoma mlima ule miaka mingi wanasema tangu miaka ya sabini moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kile kinachopotea pale ni ule uwezo wa msitu kudaka ukungu, yani maji. Sisi kila siku tunaongelea barafu inayeyuka, na kweli inayeyuka, ila msitu unaoungua hauongelewi kihivyo na ndo unaowanywesha watu wa chini.

Ukitaka kuogopa ingia mtandaoni utafute ramani ya NASA ya moto, ile inayochukuliwa na setilaiti, uiangalie mwezi wa nane au wa tisa. Tanzania yetu kuanzia Tabora, Katavi, kushuka mpaka Lindi na Ruvuma ni nukta nyekundu tupu. Afrika ndo bara linaloungua eneo kubwa kuliko yote. Australia ilivyoungua 2019 kuingia 2020 dunia nzima ililia na sisi tukaweka kwenye stetasi, ya kwetu hakuna anayelia kwa sababu tumeshazoea, moshi tunauita ukungu.

Na sio radi hiyo. Radi inakuja na mvua, kiangazi hiki hakuna radi, kwaiyo karibu kila moto una mwenyewe. Kuna anayetafuta ndezi na panya buku, anawasha kichaka anasubiri upande wa pili na mbwa. Kuna mrina asali anapanda na mwenge wa majani, nyuki wanamzidi anautupa anakimbia. Mfugaji anataka majani mapya yachipue. Mchoma mkaa tanuri lake linatoboka usiku yeye kalala, na hapo mi na wewe tumo, maana huo mkaa unakuja wapi kama sio Kimara na Mbagala. Kipisi cha sigara. Ugomvi wa mpaka. Na kuna sehemu wanaamini moto uliouwasha ukienda mbali ndo maisha yako yatakuwa marefu. Ila wakubwa kwa wote ni waandaa mashamba, yani sisi, watu wazuri tu wasio na nia mbaya na mtu.

Sasa cha kufanya, na hapa nisikilize. Vijana wameshafyeka, vizuri, hiyo kazi haijapotea. Waambie wasichome, wayalaze yale majani na matawi kwa mistari inayokata mteremko, sio ya kushuka nao, hatua kadhaa kati ya mstari na mstari, hiyo inazuia udongo na mwakani inakuwa mboji. Hapo kwenye mistari panda mabingobingo, yani majani ya tembo. Mahindi yako utayapanda katikati kwa mashimo, changanya na mbaazi au fiwi zifunike ardhi. Mwaka wa kwanza magugu yatakusumbua sikufichi, na vibarua vitakugharimu, mi nitakurushia kwenye simu hela kidogo mwisho wa mwezi tusaidiane, usikatae.

Kama kuna visiki na miiba ambavyo lazima viungue, basi isiwe jumamosi hii na isiwe shamba zima. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe kibali, Sheria ya Misitu ya 2002 inataka hivyo na moto wako ukitoka ukaunguza ya mwenzio unakubana wewe. Waambie majirani wote, wa juu hasa. Kusanyeni mafungu madogo katikati, limeni barabara ya moto kuzunguka, mbakize udongo mtupu, pana, sio kijinjia cha jembe moja. Washeni jioni upepo ukitulia, anzeni upande wa juu ili moto ushuke polepole, msianzie chini hata kama mtu anawaambia ndo unawaka vizuri. Wawepo watu wa kutosha na ndoo na matawi mabichi, na asiondoke mtu mpaka mmwage maji na kushika majivu kwa mkono, maana kisiki kinaweza kukaa na kaa ndani kikaamka kesho upepo ukivuma. Watu wanaochoma kwa akili huwa wanachoma mapema, mwezi wa tano wa sita majani yana unyevu bado, moto unatambaa tu, huu wa tisa na wa kumi ndo mbaya kuliko yote. Na namba ya zimamoto ni 114, isevu hata kama kwa mlima ule watachelewa.

Kitu kingine shoga, namna ya kuongea. Usiende kwa wajomba ukaongea kama mtu wa Dar aliyesoma. Watu wa Uluguru walishalazimishwa na mkoloni kuchimba matuta ya ngazi, 1955 wakayagomea mpaka ikafika kumwaga damu, na matuta yalikuwa ya kuzuia huo huo mmomonyoko ninaokwambia, ila yaliletwa kwa amri na faini. Kwaiyo we kaa nao chini, uliza kwanza zamani mto ulikuwa unafika wapi kiangazi, chemchemi ipi ilikuwepo haipo, wenyewe watakwambia vitu ambavyo mi sivijui. Alafu omba kipande chako ujaribu bila kuchoma. Mwanamke mgeni shambani akiomba ajaribu hawatakunyima.

Basi leo ni jumatano, una kesho na keshokutwa. Ongea na mjomba mkubwa leo jioni kabla vijana hawajaanza kujipanga, mwambie kazi ipo na hela yao ipo ila ni ya kupanga majani. Ukishaongea nae nitumie meseji hata ya neno moja, mi simu naiweka karibu.

Nakupenda sana, wasalimie wajomba wote na yule bibi wa ndizi.

Shoga yako wa Kimara