Barua ya kufunga muhula: vitambaa vya Darasa la Sita

Wazazi na walezi wapendwa,

Salamu kutoka shuleni. Tunafunga Ijumaa hii na kufungua Jumatatu, tarehe 6 Julai. Ripoti ya mtoto imo ndani ya bahasha hii. Mwenye swali amwone mwalimu wa darasa kabla hatujafunga.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini watoto wa Darasa la Sita wanarudi nyumbani na sindano na uzi. Katika kipindi cha sanaa wamejifunza habari za Wahmong, watu wa milimani kule Laos, Vietnam, Thailand na kusini mwa China. Wanawake wao ni mafundi wa sindano tangu enzi. Nguo za sherehe na mbeleko za watoto huzijaza nakshi za mizunguko na pembetatu. Kisha ikaja vita ya Laos. Wahmong wengi walipigana upande wa Marekani, na upande huo uliposhindwa mwaka 1975, maelfu walikimbilia Thailand, wakivuka mto Mekong kwa vyelezo vya mianzi, wengine kwa kuogelea.

Huko kwenye kambi za wakimbizi, Ban Vinai na kwingineko, nakshi zikaanza kusimulia. Mara nyingi wanaume walichora na wanawake wakadarizi: shamba la mahindi, watu wakitwanga mpunga, halafu ndege za vita, askari, mto, kambi yenyewe. Vitambaa viliuzwa, hata Marekani kupitia jamaa waliotangulia kuhamia huko, na familia zikapata riziki. Maandishi ya Kilatini yanayotumiwa sana leo kwa lugha yao yalitungwa miaka ya 1950 tu, na wakimbizi wengi hawakujua kusoma. Mambo ambayo hawakuweza kuyaandika, waliyashona.

Hapa Kigoma hakuna haja ya kumweleza mtoto kambi ni nini. Nyarugusu ipo tangu 1996, na zipo familia za shule yetu zilizovuka Ziwa Tanganyika usiku. Ndiyo maana niliunga mkono kwa moyo wote kazi hii ya watoto kudarizi habari za ukoo wao. Kuna mtoto aliyedarizi babu yake akivua dagaa kwa karabai. Mwingine, safari ya bibi kwa treni kutoka Tabora. Wavulana wameshona sawa na wasichana, na vitambaa viwili vilivyonigusa kuliko vyote ni vyao.

Ombi langu la likizo: kaeni na watoto, wasimulieni jambo moja la ukoo wenu. Lile msilotaka lionekane, waambieni, nasi tutaliheshimu. Hakuna mtoto atakayelazimishwa kushona habari za uchungu wa nyumbani kwao, na kila kitambaa kitabaki mali ya aliyekishona.

Maonyesho yatafanyika Jumamosi, tarehe 18 Julai, saa nne asubuhi. Babu na bibi waje pia. Viti tutawawekea mbele. Mafundi cherehani wenye masalio ya vitenge, mwalimu wa sanaa anayapokea.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu