TAARIFA YA MWENYEKITI KWA WANACHAMA, JULAI 2024 – JUNI 2025

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya huduma kwa jamii hapa Dodoma, habari za majukumu. Hii taarifa ilitakiwa isomwe kwenye mkutano mkuu, lakini mkutano wenyewe tumeuahirisha mara mbili sababu akidi haitimii, kwa hiyo naiandika hapa kila mtu aisome huko huko aliko asije akasema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida sitakaa nazo sana, mlikuwepo au picha mliziona. Wodi ya watoto pale hospitali ya General tumeenda, tumepeleka sabuni na pampasi. Miti tumepanda mwezi wa kwanza, miarobaini mingi imeshika, iliyobaki mbuzi wamekula na tulishasema mwanzoni kabisa pawekwe uzio. Damu tumechangia Juni 14, siku yenyewe ya wachangia damu duniani, walioshiriki asanteni sana, ila niwakumbushe mwanaume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke minne, sasa sisi tunasubiri Juni mpaka Juni kisa kuna tisheti. Wanachama wapya tumepata wanne, mmoja kashaacha kuja.

Sasa nije kwenye lile suala la ukumbi maana najua ndo mnalosubiri.

Kuna maneno yanazunguka kwamba mwenyekiti kaihamisha klabu kutoka hotelini kuipeleka "kwenye viti vya plastiki" kwa matakwa yake, kwamba klabu imeshuka hadhi, mpaka kuna aliyeandika kwenye grupu kwamba klabu ina mwenyewe. Nilinyamaza siku ile kwa busara tu. Leo niseme.

Mkataba na ile hoteli mimi niliukuta. Ulikuwa unasema kila Alhamisi lazima zilipiwe sahani 20, moja shilingi 15,000, tuje tusije. Anayekuja analipia yake, zinazobaki klabu inalipa. Wastani wetu wa mahudhurio Julai mpaka Disemba ni watu 12. Kwa hiyo kila wiki tulikuwa tunalipia sahani 8 ambazo hamna mtu aliyezila, 120,000 hiyo, na kwa vikao 24 vya nusu mwaka ikafika 2,880,000. Sasa shikeni hiyo namba. Ada yote iliyokusanywa mwaka mzima, narudia mwaka mzima, ni 2,650,000. Yaani ada zenu zote zimeshindwa kulipia chakula ambacho hakikuliwa! Hapo hatujanunua hata ndoo moja ya mtu yeyote mwenye shida, na sisi tunajiita klabu ya huduma kwa jamii.

Disemba hoteli wakawa wanatudai na mweka hazina akaniletea wazo kwamba tukope kwenye akaunti ya matangi ya kuvunia maji ya mvua shuleni, tutarudisha. Nikakataa. Hela ya matangi watu wametoa kwa ajili ya maji ya watoto wa shule, siwezi kuigeuza pilau. Nikatoa 600,000 mfukoni kwangu kupunguza deni, sisemi ili nisifiwe, risiti ipo kwa katibu mwenye wasiwasi akaangalie, na mpaka leo sijaidai.

Uamuzi wa kuhama ulifanywa na kamati, kura nne kwa mbili, na katiba yetu inaipa kamati mamlaka kati ya mkutano mkuu mmoja na mwingine. Baada ya kelele nikaitisha mkutano wa dharura Februari ili wanachama wenyewe waamue. Akidi ni theluthi moja, tuko 46, walitakiwa 16. Walikuja 14. Na kati ya hao 14 wale waliokuwa wanaandika aya ndefu ndefu usiku wa manane simwoni hata mmoja, sasa mlitaka nimuulize nani?

Ukumbi wa Makole tunalipa 30,000 kwa kikao, chai na chapati kila mtu 2,000 yake, mama anayetupikia hana habari na sahani 20, mkija watano anawapikia watano. Januari mpaka Juni tumetumia 720,000 tu, tofauti na kipindi cha hoteli ni 2,160,000. Ni kweli mwanzoni mahudhurio yalishuka mpaka 9 au 10 hivi, Mei tukafika 15, na waliokuja wote walikuja kwa ajili ya kikao, si kwa ajili ya kuku. Halafu tukumbushane, huko hotelini Bunge la bajeti likianza Aprili tulikuwa tunatolewa ukumbini tunawekwa kibarazani karibu na jenereta, hatusikilizani, na bei ni ile ile. Hiyo hadhi ndo ipi?

Mahudhurio. Nazijua sababu zote kwa kichwa. Aprili mpaka Juni ni Bunge, watumishi wanatoka Mtumba kwenye ofisi za wizara usiku wamechoka, hilo nalielewa na sina neno. Lakini Bunge la bajeti haliko Septemba. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024 nayo imekuwa sababu, mtu Alhamisi jioni yuko stesheni anawahi wikiendi Dar, Ijumaa kazini sijui anaaga vipi. Na wengine wako hapa hapa Area C na Nkuhungu, ukimpigia anakwambia yuko njiani, kikao kinaisha yuko njiani.

Na haya mahudhurio yana gharama, msione ni kununa kwangu tu. Chakula cha hisani cha kuchangia matangi kilipangwa Septemba. Kamati ya maandalizi ilikuwa na watu nane, wakawa wanakuja wawili na mimi, tiketi haziuziki, tukasogeza mpaka mwishoni mwa Novemba. Tiketi 84 za 50,000 ni 4,200,000. Ahadi zilizotajwa kwenye maiki usiku ule ni 7,350,000, makofi, vigelegele, picha. Zilizoingia mpaka naandika hapa ni 2,100,000. Kuna mtu aliahidi milioni nzima akaomba apigwe picha na mgeni rasmi, picha tumemtumia, milioni hatujaiona, na meseji anasoma maana tiki za bluu naziona. Tukitoa ukumbi, chakula, mziki na MC, 2,950,000, ikabaki 3,350,000.

Sasa wenyeji mnajua mvua ya Dodoma. Ni msimu mmoja, Disemba mpaka Aprili, mwaka mzima tunapata kama milimita 550 mpaka 600, basi. Milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati unapata lita moja, na lile jengo la madarasa mawili la shule tunayoiwekea matangi kule upande wa Hombolo bati lake ni kama mita 150 za mraba, ina maana mvua moja nzuri ya milimita 40 inaleta lita 6,000. Tangi la lita 10,000 linajaa kwa mvua mbili. Kwa hiyo tangi lilitakiwa liwe limesimama na michirizi imefungwa Novemba. Sisi Novemba ndo kwanza tunakula kuku. Tangi la kwanza na msingi wake na michirizi, 3,200,000, lilifungwa katikati ya Februari, limepata mvua za nyuma nyuma, mwalimu mkuu anashukuru lakini anajua na mimi najua maji mangapi yalipita chini. La pili, 2,600,000, limefungwa Mei, jua linawaka, halijaona tone. Fedha yake ni matembezi ya hisani 1,480,000 na 1,120,000 iliyotoka kwenye hiyo hiyo akiba ya kuhama hoteli. Wanaosema kuhama hakujasaidia waende wakaligonge lile tangi.

Ada ni 120,000 kwa mwaka, elfu kumi kwa mwezi. Waliomaliza ni 17, nawashukuru kwa dhati. Waliolipa nusu nusu ni 12, jumla yao 610,000. Ambao hawajatoa hata mia ni 17, na ndani yao kuna viongozi wastaafu wa klabu hii, majina nayahifadhi kwa heshima tu. Tunadai 2,870,000 ya mwaka huu peke yake, za nyuma sijagusa. Na tunatakiwa kupeleka taarifa na malipo kwa msajili kila mwaka, yeye hajui kama mwanachama alikuwa na msiba au ana ujenzi.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuongeza shule nyingine angalau moja, na tunaangalia uwezekano wa kufanya kitu na wakulima wa zabibu kule Makutupora wakati wa mavuno, mazungumzo yapo hatua za mwanzo. Vijana wa vyuo nao tungependa kuwavuta. Na chakula cha hisani safari hii kiwe mapema, tarehe tutaangalia.

Mkutano mkuu wa uchaguzi tunajaribu tena mwezi ujao hapo hapo Makole, saa kumi na moja jioni. Katiba inasema mwenye deni la ada hapigi kura na hagombei, safari hii katibu atakaa mlangoni na daftari. Nasikia kuna wanaotaka nafasi ya mwenyekiti, karibuni sana, iko wazi. Mimi sijasema nagombea na wala sijasema sigombei.

Wenu,
Mwenyekiti