Malalamiko kuhusu kazi za vikundi kwenye programu yenu ya kuandika nota za muziki

Moshi, Kilimanjaro
14 Aprili 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KAZI ZA VIKUNDI TULIZOLIPIA NA HATUJAZIPATA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule ya sekondari hapa Moshi. Mwezi Januari shule yetu iliwalipa shilingi 540,000 kwa akaunti 36 za wanafunzi, za mwaka mmoja. Tulinunua kwa sababu moja tu. Kijana wenu aliyekuja shuleni na kompyuta mpakato alituonyesha watu wanne wakiandika wimbo mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu na sauti yake, akasema mwalimu atapanga vikundi kwa kubofya mara moja na kwamba bando la kawaida la simu linatosha. Mkuu wa shule alikuwepo. Mhasibu naye alikuwepo, na kila tukikutana kwenye korido ananiuliza kuhusu hiyo mara moja.

Kazi niliyotoa haikuwa ngumu. Niliandika mizani 8 za mwanzo za wimbo mfupi, Doh, yaani sauti ya kwanza ya ngazi, ni F, mapigo manne kwa kila mizani. Kila kikundi cha wanafunzi wanne kilitakiwa kuufikisha wimbo mizani ya 16: wa soprano aumalizie, wenzake waweke alto, tenori na besi. Wengi wa wanafunzi hawa wamekulia kwenye kwaya za makanisani. Sol-fa, ule mfumo wa kuandika muziki kwa herufi uliosambazwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19, wanausoma kama wanavyosoma meseji, lakini nota za mistari mitano bado zinawapiga chenga. Nilitaka wavuke kutoka d, r, m kwenda kwenye mistari, na wavuke pamoja, maana anayeandika alto bila kusikia besi ya mwenzake anaandika nini?

Sasa tatizo la kwanza. Ukitaka kuwatumia wanafunzi kazi, programu yenu inakupa njia mbili: kila mwanafunzi apate nakala yake, au wote waandike kwenye karatasi moja. Ya tatu haipo. Nikachagua ya pili, nikidhani hatua inayofuata ingeniuliza vikundi. Alhamisi tarehe 20 Machi nikawaingiza wanafunzi 12 kwenye chumba cha kompyuta, maana kompyuta tulizonazo ni 12, vikundi vitatu kwa zamu. Wote wakajikuta kwenye ukurasa mmoja. Ndani ya dakika tano ukurasa ulikuwa mweusi kama sukari iliyoingiliwa na sisimizi. Huyu anaandika, yule anafuta. Mmoja akahamisha Doh kutoka F kwenda A-flati na wimbo wote ukapanda. Nilipobonyeza usikike, tenori ikaimba juu ya soprano, kwa sababu kiolezo chenu cha kwaya kinaiwekea tenori alama ya G tupu, ile ya sauti za juu, bila ile 8 ndogo ya chini inayoishusha oktava moja. Wavulana wa tenori walicheka mpaka wakashika meza. Mimi sikucheka.

Nilipowaandikia, nilijibiwa kwamba kwa vikundi inabidi niunde kazi ileile upya kwa kila kikundi. Nikafanya hivyo: mara tisa, na kila mara kuondoa majina 32 ili yabaki manne, moja moja, kwa mkono. Zilikwenda jioni mbili. Kama hiyo ndiyo mara moja, basi sisi na ninyi hatuhesabu sawa.

La pili ni kufuli. Mnasema mwalimu anaweza kumfungia mwanafunzi asiguse sehemu ya mwenzake. Kweli, ila mnachofunga ni mistari, si sauti. Anayejua uandishi wa kwaya anajua kwamba soprano na alto hukaa kwenye mistari ileile mitano, vijiti vya soprano vikitazama juu na vya alto vikitazama chini, na tenori na besi hukaa hivyohivyo kwenye mistari ya pili. Ukimruhusu wa alto aandike, umemruhusu pia aifute soprano. Nikajaribu kutenganisha, kila sauti na mistari yake. Kufuli ikakubali, lakini kwenye simu ikawa inaonekana mizani moja na nusu kwa wakati. Na wanafunzi wangu jioni wanatumia simu za wazazi.

Nikiri na kosa langu hapa. Muda wa mwisho niliuweka saa sita mchana, programu ikaandika "12:00 PM", na karibu nusu ya darasa wakasoma saa kumi na mbili jioni. Hilo silileti kwenu, ningewatahadharisha mapema.

La tatu ndilo lililonifanya niandike barua hii. Katika kikundi kimoja, mvulana wa besi alikuwa anaandika kwa simu ya baba yake. Masika ilikuwa inamwaga, mtandao ukaondoka. Programu haikumwambia kitu. Akaendelea kuandika hadi alipomaliza, akalala. Asubuhi mtandao uliporudi, simu ikapeleka nakala yake nzima na kuilaza juu ya kazi ya wenzake. Soprano ikarudi ilivyokuwa jana yake. Alto ikafutika kuanzia mizani ya 9 hadi ya 16, pakabaki mistari mitupu. Msichana wa alto alijua moja kwa moja kwamba amefanyiwa makusudi, na wale wawili walinuniana wiki nzima. Nilipowaeleza kwamba ni programu, hakuna aliyeniamini, kwa kuwa jina lililoonekana kwenye mabadiliko ni la yule mvulana.

Nikasema sawa, nitarudisha toleo la jana. Kitufe cha historia ya matoleo kipo, ila kimefifia, na ukikibonyeza unaambiwa ununue kifurushi kikubwa zaidi. Karatasi ya bei mliyotuachia inaonyesha kwamba kifurushi chetu kinayo historia ya siku 30. Nimeambatanisha nakala, mstari wa sita kutoka juu.

Kilichomwokoa yule msichana ni daftari la hisabati. Kabla ya kugusa kompyuta alikuwa ameiandika alto yake kwa sol-fa kwenye miraba, kwa penseli, mraba mmoja kwa pigo moja. Tukakaa baada ya vipindi, yeye anasoma na kuimba taratibu, "sol, sol, la, sol, fa...", mimi naingiza. Dakika ishirini tukawa tumemaliza. Lakini si kila mwanafunzi ana daftari kama lile, na shule haikulipa laki tano na ushee ili penseli ifanye kazi yenu.

Ijumaa tarehe 4 Aprili nilipanda Coaster kuja Arusha, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, nauli yangu. Dada wa mapokezi alinipokea vizuri, namshukuru. Fundi niliyeunganishwa naye kwa simu aliniambia tatizo ni intaneti yetu, nijaribu intaneti nzuri. Jibu hilo limenikera kuliko yote yaliyotangulia. Mtandao kukatika Moshi wakati wa masika si habari mpya kwa mtu yeyote aliyeko Arusha. Programu inayouzwa huku ingepaswa kumwambia mtoto kwamba hayupo hewani, na akirudi ichukue sauti aliyoandika yeye tu na kuacha za wenzake.

Ninachoomba kwanza ni historia ya matoleo ifunguliwe kwenye akaunti zetu, kama karatasi yenu inavyosema, na kazi za vikundi vyote tisa zirudishwe kwenye hali ya kabla ya kufutika. Pia nipewe kazi zote kwa faili za MusicXML, si PDF peke yake. PDF ni kama picha, nota zake huwezi kuzihariri. MusicXML inasomwa na karibu programu zote za nota, zikiwemo za bure kama MuseScore, na kazi hizi ni za wanafunzi, si zenu. Kuhusu vikundi, nataka tarehe: lini mwalimu ataweza kugawa darasa kwenye vikundi ndani ya kazi moja? Kama tarehe hiyo haipo, turudishiwe fedha za miezi iliyobaki.

Mtihani wa muhula uko karibu na nahitaji kazi hizi kwa alama za darasani, hivyo naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, shule itapeleka suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na ile karatasi ya bei.

Na kijana wenu akija tena Moshi, aje siku ya mvua.

Wako,

Mwalimu wa Muziki

Nakala: Mkuu wa Shule, Mhasibu