Shahada ya kompyuta: wazazi tupige hesabu yote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu, hasa wa Pemba, ambao kila yanapotoka matokeo ya Kidato cha Sita huulizwa na watoto wao kama watawalipia shahada ya sayansi ya kompyuta. Nilisomesha hesabu katika skuli za sekondari hadi nilipostaafu, na suala hili huletwa barazani kwangu takriban kila mwaka, aghalabu na mzee ambaye ameshaanza kuchuma karafuu zake na anataka kujua kama fedha atakazozitoa zitarudi.

Jawabu langu ni kwamba zinaweza kurudi, lakini hesabu inayopigwa majumbani mwetu ni pungufu. Mzazi huuliza ada, akatajiwa, akaona anaimudu au mkopo utaiziba, na mazungumzo yakaishia hapo. Mtoto anayetoka Wete au Micheweni kwenda kusoma chuoni Tunguu, Unguja, atahitaji pia nauli ya boti, pahala pa kulala, chakula cha miaka mitatu au minne, na pamoja na hayo kompyuta yake mwenyewe na bando la intaneti la kila mwezi. Hivi viwili vya mwisho ndivyo vinavyokatwa mwanzo fedha zinapopungua, nami nashikilia kwamba ndivyo vilivyopaswa kutengwa mwanzo kabisa.

Namjua kijana aliyesoma fani hii kwa kompyuta ya mtumba iliyokwisha betri, ikawa inawaka pale tu ilipochomekwa kwenye umeme. Umeme ulipokatika, alichokuwa akikiandika kilipotea, na usiku ule ukawa umekwisha kwake. Mazoezi yaliyobaki aliyafanya katika maabara ya chuo, ambako wanafunzi walipokezana mashine na jioni mlango ulifungwa. Mitihani yote alifaulu, maana ni kijana wa bidii. Lakini siku ya usaili wa kazi aliwekwa mbele ya kompyuta, akatakiwa aandike programu ndogo ya kupanga majina ya wateja na kuyatafuta, na muda ukamwishia hajafika nusu. Nadharia aliijua barabara. Alichokikosa ni mazoezi, na mazoezi yalikosekana kwa sababu ya kifaa ambacho bei yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya shahada nzima.

Wapo wanaoniambia kuwa chuo chenyewe hakina haja, kwani Bill Gates, tajiri wa Microsoft, aliondoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1975 bila ya kumaliza, na Mark Zuckerberg wa Facebook akaondoka mwaka 2004. Husahau kwamba wote wawili walikwisha kukubaliwa Harvard kabla ya kuiacha, na kwamba Gates alianza kutumia kompyuta skulini kwake mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 13, wakati ambapo hata watu wazima wengi wa Marekani walikuwa hawajawahi kuiona.

Jambo jengine ni somo la hesabu. Shahada hii, ukiifungua ndani, imejengwa juu ya hisabati na mantiki: algoriti (yaani hatua za kulitatua tatizo), hifadhidata (ghala la taarifa), mifumo endeshi (programu zinazoiendesha mashine), mitandao. Kijana aliyeichagua kwa sababu anapenda simu atataabika mwaka wa kwanza. Na tangu ChatGPT, ile programu ya akili mnemba, ilipotoka Novemba 2022, programu nyepesi zinaandikwa na mashine kwa sekunde chache, kwa hivyo mwajiri anamtafuta mtu anayeweza kulifahamu tatizo lenyewe na kuligundua kosa ambalo mashine imelifanya. Kwa mtoto aliye imara katika hesabu, naiona shahada hii ina thamani kubwa zaidi sasa. Kwa asiye imara, namshauri mzazi asikimbilie.

Huyo wa pili hajakosa njia. Sehemu kubwa ya kazi za kompyuta katika mahoteli, mabenki na maofisi ya Unguja ni kusimamia mitandao, kutengeneza mashine na kuangalia mifumo ya malipo, na kwa kazi hizo stashahada ya Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, pale Mbweni, inaweza kumtosha kijana kuanza kujitegemea. Shahada ataifuata baadaye akitaka, akiwa na mshahara wake. Asiyekopa leo hatakatwa kesho: anayekopa Bodi ya Mikopo ya Muungano, akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe, na kwa mshahara wa kuanzia kazi makato hayo ni mazito.

Serikali imekuwa ikiyakaribisha makampuni ya teknolojia Fumba tangu mwaka 2022, nami nalipongeza hilo kwa dhati. Ninaloliomba kwa vyuo vyetu na kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ni taarifa ya kila mwaka, kwa Kiswahili, inayoonesha waliomaliza sayansi ya kompyuta mwaka uliopita wangapi wameajiriwa, wanafanya kazi gani, na wangapi bado wanatafuta. Ibandikwe kwenye skuli za Pemba kabla ya maombi ya vyuo kufunguliwa. Na katika fedha za mkopo, kompyuta ya mwanafunzi wa fani hii ihesabiwe kuwa kifaa cha lazima tangu muhula wa mwanzo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba