Yaya, Bobi hakujua kitu

Yaya,

Kwenye matanga ya Mama ulisimulia tena. Nilikuwa nyuma napanga viti vya kukodi, nikasikia sauti yako imepanda juu ya zote: "Ule mbwa alijua! Siku muzima analia, anachimba, anaangalia mulima." Wajomba wakatikisa vichwa. Kufika saa nne usiku Bobi alikuwa keshakuwa nabii, na wewe mwenye nabii wako.

Sikukujibu. Mtu hagombani na mkubwa wake mbele ya picha ya mama yao. Naandika hapa kwa kuwa simu zangu hupokei, na najua watoto wako watakusomea.

Bobi hakujua kitu, hakujua kwamba mlima utapasuka. Sauti nyembamba, ndiyo, huko mbwa anatuacha mbali: sikio letu linakoma kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, lake linafika karibu 45,000. Ndiyo maana alikuwa anasimamisha masikio hata sisi hatujasikia chochote, na Mama anasema ameona mzimu. Lakini ngurumo ya mlima ni nzito, ya chini kabisa, ya masikio ya tembo. Huko chini mbwa hatushindi, sisi ndio tunaomshinda. Mashine za kupima matetemeko zenyewe, Mei 22, 2021, zilipata dalili muda usiofika saa moja kabla Nyiragongo, volkano yetu hapa Goma, haijapasuka. Wewe unasema siku nzima.

Alilia siku nzima, sikatai. Alikuwa amefungwa mnyororo kwenye mparachichi. Nani alimfunga?

Mbwa wa Keshero wanalia kila usiku, Yaya. Usiku ambao mlima haukupasuka hakuna anayeukumbuka, na ni maelfu. Haya, tuseme uko sahihi, alijua na alikuja kutuonya. Basi ulimpiga aliyekuja kutuonya. Chagua moja.

Turudi kwenye siku ile ile, kwenye sambaza, vile visamaki vya ziwani.

Mama alikuwa amezianika kwenye ungo, zile za wageni wa Jumapili. Ulipotoka ndani ungo ulikuwa mtupu. Ulimwita Bobi kwa ile sauti, unaijua, hata mimi nikiisikia leo mgongo unanikaza. Akaja tumbo chini, masikio nyuma, mkia katikati ya miguu, macho yanatafuta pa kwenda. Ukatugeukia: "Munaona? Anajua ile alifanya."

Kile kipande cha mpira ulichompigia, cha gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao, nilikiona baadaye nyuma ya choo, nikakichoma. Mama alisema "inatosha" mara mbili. Ulipomaliza, Bobi alikuja kulamba kiatu chako, ukacheka, ukasema amekusamehe.

Kuna mtafiti wa mbwa, Alexandra Horowitz, aliyechapisha jaribio lake mwaka 2009. Mbwa 14 na wenye mbwa. Mbwa anakatazwa kipande cha chakula, mwenye mbwa anatoka chumbani, akirudi anaambiwa mbwa kala au hakula, na mara nyingine anadanganywa. Ule uso wa "najua kosa langu" haukufuata kosa. Ulifuata ukali wa mwenye mbwa. Tena ulionekana zaidi kwa waliokaripiwa bila kula chochote. Nilipoisoma nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Niliweka kalamu chini, sikuendelea tena siku ile.

Unakumbuka nilivyokueleza habari za yule farasi wa Berlin, Hans? Watu waliamini anajua hesabu, anagonga kwato mpaka jibu linafika. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonyesha kwamba farasi alikuwa anawasoma waulizaji: wakikaribia jibu vichwa vyao vinatikisika kidogo sana, wenyewe hawajui, yeye anaona na kuacha kugonga. Ulicheka ukasema basi ana akili kuliko waliomuuliza. Ulisema wewe mwenyewe! Bobi naye alikuwa anakusoma wewe. Miaka minne alikusoma uso, bega, hatua, harufu ya jasho lako siku ukikosa kazi. Hakuwa na kosa la kusoma zaidi ya hasira yako.

Na sikatai kwamba ulimpenda. Ulimleta toka Masisi ndani ya jaketi, juu ya lori, mvua inanyesha, ukawa unachovya kidole kwenye maziwa ananyonya. Nilikuwa nakuonea wivu.

Usiku ule mbingu ilipokuwa nyekundu na njia ya Sake imejaa watu, mimi nilikuwa na mtoto wako mgongoni na begi la Mama kichwani. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwako. Nilikuuliza. Ukasema, "Tembea." Sasa ningefanya nini, ningekata mnyororo kwa meno? Jumapili niliporudi alikuwa hai, amezunguka mti mpaka gome limetoka. Alinikojolea miguu kwa furaha.

Niliapa hatafungwa tena, na hakufungwa. Hapo ndipo sijakuambia ukweli. Ulipokuwa umeshakwenda Lubumbashi, nilikuandikia kwamba Bobi amepotea. Hakupotea. Watoto walimkuta asubuhi kwenye kibonde karibu na ziwa, amelala ubavu kama anaota jua, na mbuzi wawili pembeni. Mazuku, ile gesi ya sumu inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, usiku usio na upepo inajikusanya mabondeni, haina rangi, haina harufu, na mwenye kichwa karibu na ardhi ndiye anaanguka kwanza. Ile pua unayoisifu mbele ya wajomba iliingia humo yenyewe. Aliyenusa mlima toka asubuhi angeshindwaje na kibonde cha nyuma ya nyumba?

Najua utakachosema. Kwamba ungekuwepo angekuwa amefungwa, na angekuwa hai. Nimeshajiambia, usijisumbue. Lakini mbwa wa kufungwa maisha yake yote ni mbwa gani, na mimi saa kumi na moja asubuhi nilikuwa natafuta maji kama kila mtu hapa.

Kuna jambo jingine, halafu nanyamaza. Sambaza zilichukuliwa na paka wa jirani, yule wa madoa. Nilikuwa dirishani, niliona alivyoruka ukuta nazo mdomoni, akarudi, akaruka tena. Na ulipouliza nani, nilikuwa bado dirishani. Siku ile ulikuwa umekwisha kunigombeza mara moja kwa sababu ya mlango, nikaona afadhali zamu imwendee mwingine.

Desemba ukija, watoto watakuomba ile hadithi. Ukiisimulia, anzia kwenye sambaza.