Risala ya Madereva wa Kupeleka Magari, Mtwara Mjini, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wamiliki na mameneja wa kampuni za usafirishaji mliofika,
Ndugu madereva na wageni waalikwa,
Itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua ratiba yako imebana, na kuja kukaa nasi kwenye joto hili la Mtwara si jambo dogo.

Umoja wetu ulianzia kijiweni karibu na stendi, kwa madereva waliokuwa wakisubiri kupigiwa simu za kazi. Tunachukua lori, basi au pikapu Dar es Salaam, tunalikabidhi kwa mwenyewe Lindi, Mtwara, Masasi au mpakani Mtambaswala, kisha tunarudi kwa basi. Tangu kuanzishwa, umoja umepiga hatua kubwa sana: tuna katiba, tuna mhuri, tuna viti vyetu wenyewe (hivyo mlivyokalia), na mfuko wa kuzikana ambao haujawahi kukauka kabisa. Mafanikio mengine yamo kwenye kiambatanisho, tusikuchoshe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilichotufanya tukuite ni malipo.

Dereva akipewa kazi hukabidhiwa ufunguo na fedha za mkupuo. Humo humo mna mafuta, chakula, gesti, nauli ya kurudi na ujira wake. Kinachosalia ndicho mshahara, kama kimesalia. Hesabu hiyo hupigwa na mtu aliye ofisini, na Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Gari likila mafuta kuliko alivyokadiria, tofauti inatoka mfukoni mwa dereva. Likisimamishwa njiani taa moja haiwaki, faini ni shilingi 30,000, na dereva analipa ili apite. Akifikisha stakabadhi kwa tajiri anaulizwa kwa nini hakulikagua, wakati alikabidhiwa usiku na kuambiwa alfajiri awe ameshavuka Daraja la Mkapa.

Magari mengine ni mapya, viti vina nailoni. Dereva anakatazwa kulala ndani asije akaichana, na fedha ya gesti haikuhesabiwa. Basi anatandika kanga ya mkewe chini ya lori, analala hapo na ufunguo umefungwa kiunoni.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika upande wa Somanga, wenzetu walikwama na magari ya watu. Simu za matajiri hazikukatika. Kila saa gari liko wapi, gari lina hali gani. Siku zile za kusubiri hazikulipwa hata senti. Mtambaswala nako, karatasi za forodha zikichelewa, dereva anakaa anakula akiba yake, halafu anatafuta bodaboda ya kumfikisha Mangaka.

Hatuwasemi wote. Wapo wanaotuma nauli ya kurudi gari linapopokelewa tu, nao wanajijua. Wengine pia wanajijua.

Tukidai, tunaambiwa sisi si waajiriwa, ni watu wa tripu. Mheshimiwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi na malipo kwa maandishi, na saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo inaangalia kazi inavyofanyika, si jina ambalo mkataba umempa mtu. Anayekupangia saa ya kutoka, njia ya kupita na saa ya kufika, huyo ni nani kwako?

Suala hili si geni. Mgeni rasmi aliyetangulia tulimsomea risala kama hii, akasimama akasema, "Hili nimelichukua." Mpaka leo hatujui amelipeleka wapi. Alituahidi kikao na wamiliki ndani ya miezi miwili, tukapiga makofi, tukampa na korosho za kubeba. Nakala ya risala ile tumekuambatanishia, usipate taabu ya kuitafuta.

Tunachoomba ni mafuta, posho ya njiani na nauli ya kurudi vitenganishwe na ujira, viandikwe kwenye karatasi yenye sahihi ya pande zote mbili, na vilipwe kabla gari halijawashwa. Siku za kukwama bila kosa la dereva zilipwe, na faini ya ubovu wa gari imrudie mwenye gari. Turubai tutalitafuta wenyewe, na mkopo wa halmashauri tutauomba siku nyingine.

Ili hayo yazungumzwe, tunakuomba uitishe kikao chetu na wamiliki, Afisa Kazi akiwepo, kabla msimu wa korosho haujafunguliwa na malori hayajaanza kuteremka huku. Wamiliki wako hapa, shajara yako tunaamini unayo. Kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba tarehe hiyo itajwe leo, kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama