Meza ya rufaa ipo kwa vijeba, kwa binti haipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tuliokaa kambini na watoto wa michezo tunalijua kwa karibu, lakini tukikutana na viongozi hulizungukazunguka: ni nani hasa anayepokea malalamiko ya mchezaji anayedhulumiwa na mtu aliyepewa dhamana ya kumfundisha?

Kabla ya kustaafu nilikuwa matroni wa timu za netiboli za wanafunzi hapa Mtwara kwa miaka mingi. Kwa asiyezijua kambi zetu, ni darasa moja, magodoro yamepangwa chini ukuta hadi ukuta, madawati yamerundikwa barazani, na mlango ambao mara nyingi hauna komeo. Mwaka mmoja mlango huo niliufunga kwa kipande cha kanga, nikatandika godoro langu kizingitini ili atakayeingia anikanyage mimi kwanza. Katika kambi hiyo binti wa kidato cha pili alinifuata asubuhi, wenzake wakiwa mazoezini, ameshika raba mpya mkononi, akaniomba nimrudishie kocha raba zile. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaeleza kwamba kocha alimpa raba hizo akamwambia jioni aende peke yake kwenye chumba alichopanga akachukue na jezi, na kwamba asipokwenda jina lake halitakuwamo katika msafara wa taifa.

Nilimpeleka kwa kiongozi wa msafara siku hiyohiyo. Nilijibiwa kwamba nisiharibu kambi, mambo yatamalizwa humo humo. Kocha hakusimamishwa hata siku moja, na mashindano yalipokwisha nikasikia anafundisha wilaya nyingine. Binti aliachwa nje ya kikosi kwa maelezo kwamba hana nidhamu. Nami najilaumu hadi leo kwamba niliishia hapo, sikwenda polisi.

Kinachonikera zaidi ni kilichotokea jioni ileile. Timu moja ilikata rufaa kwamba wapinzani wake wamechezesha vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri unaoruhusiwa. Ada ya rufaa ikalipwa, kamati ikakaa, vyeti vya kuzaliwa vikaletwa, picha zikalinganishwa na nyuso, na kabla ya saa nne usiku uamuzi ulikuwa umebandikwa ubaoni. Kwa hiyo uwezo wa kusikiliza malalamiko kwa haraka tunao, na tumekuwa nao siku zote. Tumeuweka upande wa pointi na makombe.

Sisemi kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 inapigwa bila malipo. Lakini mimba ni ushahidi wa jambo ambalo limekwisha kutokea. Binti mwenye raba mkononi hana mimba, hana jeraha, ana hofu ya kukosa nafasi tu, na wa kwanza kumsikiliza ni mwenzake kocha, ambaye naye anataka kombe. Kocha akiwa mwalimu wa serikali, ipo Tume ya Utumishi wa Walimu ya kumhoji; lakini kocha wa kujitolea, anayekusanya watoto kwenye viwanja vya mchangani kuanzia Mikindani hadi Lindi, anahojiwa na nani? Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya mwaka 1967, na utaratibu wake umejengwa zaidi juu ya vyama na vilabu kuliko juu ya usalama wa mchezaji mmoja mmoja.

Wenzetu wamelipa gharama kubwa kujifunza hili. Nchini Marekani, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, alihukumiwa Januari 2018 kifungo cha miaka 40 hadi 175, baada ya wanawake zaidi ya 150 kueleza mahakamani, wao au kwa niaba yao, aliyowatendea. Wengi wetu tunaikumbuka hukumu hiyo, lakini tunasahau kwamba taarifa zake ziliwafikia wapelelezi wa shirikisho, yaani FBI, tangu Julai 2015, zikalala. Mkaguzi wa Wizara ya Sheria alilithibitisha hilo mwaka 2021, na mwaka 2024 serikali ikakubali kulipa dola milioni 138.7 kwa waathirika. Bunge lao lilipotunga sheria mwaka 2018, liliagiza kwamba mtu mzima anayefanya kazi na wanamichezo watoto, akisikia tuhuma, azifikishe kwa vyombo vya dola ndani ya saa 24. Si kwa kiongozi wa msafara. Huko England na Wales, mwaka 2022 sheria iliyokuwa ikimkataza mwalimu kuwa na uhusiano wa kimapenzi na kijana wa miaka 16 au 17 aliye chini ya uangalizi wake ilipanuliwa ikamgusa na kocha. Jirani zetu Kenya waliunda kamati ya ustawi na usawa wa kijinsia michezoni baada ya mwanariadha Agnes Tirop kuuawa nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021. Hata hivyo Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa akiishi na kufanya mazoezi huko huko Kenya, alimwagiwa petroli akachomwa moto, akafariki. Kamati inayoundwa juu ya kaburi huandika ripoti, na ripoti hailali kizingitini.

Mtwara imepokea mashindano ya taifa ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, mwaka 2019 na tena 2021, hivyo hatuwezi kujifanya wageni wa kambi kubwa. Ombi langu kwa TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na wizara zinazohusika na elimu na michezo ni kwamba afisa ustawi wa jamii awepo katika kila kambi ya wanafunzi kuanzia ngazi ya wilaya, asiwe chini ya kiongozi wa msafara, na jina lake na namba yake vibandikwe pale pale panapobandikwa ratiba ya mechi. Kocha yeyote, wa shule au wa mtaani, asipewe watoto kabla halmashauri haijajua alikotoka na kwa nini aliondoka. Anayelalamikiwa akae pembeni wakati uchunguzi unaendelea, na mtoto aliyelalamika asiondolewe kikosini bila matroni kuandika sababu kwa mkono wake.

Na mlango wa darasa wanamolala wasichana uwekwe komeo la ndani. Hilo halingoji sheria wala bajeti ya wizara. Duka la vifaa pale sokoni linauza.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Shangani, Mtwara